Mafundi Cherehani Walitangulia: Teolojia ya Minjung na Wanyonge wa Korea

Mwishoni mwa miaka ya 1960, mkataji vitambaa mmoja wa Soko la Pyeonghwa, jijini Seoul, alikuwa na hamu ambayo wenzake waliiona ya ajabu. Alitamani apate rafiki aliyesoma chuo kikuu. Jeon Tae-il aliacha shule mapema kwa ufukara, akahangaika mitaani kabla ya kujifunza kushona. Sasa alikuwa amegundua kwamba nchi yake ina Sheria ya Viwango vya Kazi, iliyopitishwa mwaka 1953, inayotaja saa 8 za kazi kwa siku na kuwakinga watoto. Alipata kitabu cha sheria hiyo, akakifungua usiku baada ya kazi, akakwama. Kurasa zilijaa herufi za Kichina na lugha ya mawakili. Laiti angekuwepo msomi mmoja wa kumweleza.

Hakumpata. Aliendelea na wenzake wachache, waliokiita kikundi chao Chama cha Wapumbavu kwa sababu walijiona wajinga kudhulumiwa miaka yote bila kujua kwamba sheria iko upande wao. Wakagawa madodoso sokoni. Wafanyakazi 126 walijibu: 120 kati yao walikuwa wakifanya kazi saa 14 hadi 16 kwa siku, na 96 waliugua kifua kikuu au maradhi mengine ya njia ya hewa. Vyumba vya kushonea vilikuwa vimekatwa katikati kwa sakafu ya mbao, kimoja kikageuzwa viwili, na msichana wa miaka 13 au 15 aliyesaidia kazi humo hakuweza kunyoosha mgongo. Barua aliyomwandikia Rais Park Chung-hee haikudai mapinduzi. Iliomba siku ya kazi ipunguzwe hadi saa 10 au 12, Jumapili iwe ya kupumzika, na wafanyakazi wapimwe afya kikweli kweli.

Tarehe 13 Novemba 1970 walipanga kukichoma hadharani kile kitabu cha sheria. Polisi wakawazuia. Jeon akajimwagia mafuta, akajiwasha moto akiwa na kitabu chake, akakimbia huku akipaza sauti kwamba sheria ifuatwe na kwamba wao si mashine. Alikufa usiku huo. Alikuwa na miaka 22.

Teolojia ya ukombozi ya Korea, inayojulikana duniani kwa jina la teolojia ya minjung, haieleweki bila kukumbuka mpangilio huu wa mambo. Minjung, kwa Kikorea, ni umma wa watu wa chini: makabwela, wavuja jasho, wale ambao wakubwa huwahesabu wakati wa kodi na wa vita tu. Wasomi waliolitia neno hilo katika vitabu vya teolojia walifika baadaye. Mafundi cherehani walitangulia. Kila mara teolojia hii iliposahau nani alitangulia, ilidhoofika, na kwa kipimo hicho ndipo inapofaa kuulizwa kama bado ina la kuwafaa wanyonge wa leo.

Wasomi wenyewe hawakulificha jambo hilo. Ahn Byung-mu alikuwa mtu wa maktaba, mtaalamu wa Agano Jipya aliyepata shahada ya udaktari Heidelberg, Ujerumani, mwaka 1965. Suh Nam-dong, profesa wa Chuo Kikuu cha Yonsei, alitaniwa kuwa antena ya teolojia ya Korea, kwa jinsi alivyonasa haraka kila wazo jipya lililorushwa kutoka Ulaya na Marekani. Kifo cha Jeon kiliwakuta wakiwa wamejipanga kufundisha mambo mengine kabisa. Wote wawili walikuja kukitaja kuwa mwanzo wa safari yao. Ahn alikiweka katika mkondo mmoja na kifo cha Yesu, si kama mfano wa kupambia mahubiri, ila kama tukio la aina moja: Yesu akitenda tena, safari hii ndani ya soko la nguo. Wakristo wengi wa Korea waliona hayo ni kufuru, na wengi bado wanaona hivyo.

Siasa ziliwasukuma haraka kuliko walivyotarajia. Park, jenerali aliyetwaa madaraka kwa mapinduzi ya mwaka 1961, alitangaza katiba mpya ya Yushin mwezi Oktoba 1972, iliyompa mamlaka ya kutawala bila kikomo. Mei 1973 wachungaji wakatoa kwa siri Tamko la Kiteolojia la Wakristo wa Korea, wakikataa utawala huo kwa jina la Mungu wa wanaoonewa. Mwaka 1974 serikali ikadai imegundua njama ya kikomunisti, ikakamata wanafunzi, washairi, wachungaji, hata askofu Mkatoliki, Ji Hak-soon. Mmisionari Mmethodisti kutoka Marekani, George Ogle, aliwaombea hadharani wanaume wanane walioshtakiwa kwa njama hiyo. Desemba akafukuzwa nchini. Wanaume hao walinyongwa tarehe 9 Aprili 1975, hata siku moja haijapita tangu Mahakama ya Juu ithibitishe hukumu yao. Mahakama iliwatangaza hawana hatia mwaka 2007.

Katika kipindi hicho familia za wafungwa zilikuwa zikikutana kila Alhamisi kwa maombi jijini Seoul. Mama mmoja alisimama akaeleza alivyozuiwa kumwona mwanawe, mke mwingine akaeleza jinsi mumewe alivyoteswa. Magazeti hayakuweza kuandika hayo, kwa hiyo ibada ikawa ndiyo gazeti. Ahn na Suh walipofukuzwa vyuoni mwaka 1975, maprofesa wenye umri wa zaidi ya miaka 50 bila kazi, hapo ndipo walipoanza kuwa wanafunzi. Tarehe 1 Machi 1976 walitia saini tamko la kudai demokrasia lililosomwa katika Kanisa Kuu la Myeongdong, pamoja na mwanasiasa Kim Dae-jung; mwandishi wake alikuwa mchungaji Moon Ik-hwan, mtaalamu wa Agano la Kale. Wakafungwa. Gerezani Ahn alikutana na wezi, wachuuzi na wahuni, watu ambao kitabu chake cha rejea kilikuwa hakina sura yao.

Akarudi kuisoma Injili ya Marko kwa macho mengine. Kwa miaka mingi wataalamu wa Ulaya walikuwa wamechambua kila neno la Yesu, kila cheo chake, kila mgogoro wake na Mafarisayo. Wale ambao Biblia ya Kiswahili huwaita makutano walikuwa kama pazia nyuma ya jukwaa. Ahn aliuliza kwa nini. Marko huwataja karibu kila mahali, na kwao hutumia neno la Kigiriki lenye dharau kidogo, oklosi, yaani kundi la watu wasio na mpangilio, badala ya lile la heshima lililotumika kwa taifa la Mungu. Ni wagonjwa, watoza ushuru, wenye dhambi, wenye njaa. Yesu hawapi masharti. Hawaambii watubu kwanza ndipo wale. Wapo Galilaya, na wakuu wa Yerusalemu wanawaogopa. Hitimisho la Ahn lilikuwa kwamba huwezi kumtenga Yesu na makutano hayo ukabaki na Yesu yeyote wa maana; wanakuja pamoja au hawapo.

Alikataa pia kuieleza minjung kwa tafsiri ya kitaalamu. Wanafunzi walimwomba, wageni kutoka Ujerumani walimshinikiza, naye akagoma. Ukishawaeleza watu kwa fomula, alisema, umewageuza kitu cha kuchunguzwa. Kulikuwa na sababu nyingine ya busara: katika Korea iliyogawanyika na kupitia vita vya 1950 hadi 1953, chini ya Sheria ya Usalama wa Taifa, mtu aliyezungumzia tabaka la wafanyakazi kwa lugha ya Marx alikuwa anajitengenezea kitanzi. Hapo ndipo njia ya Wakorea inapoachana na ile ya Amerika ya Kusini. Gustavo Gutiérrez wa Peru, ambaye kitabu chake maarufu kilitoka mwaka 1971, aliandika katika bara la Wakatoliki, na aliweza kuazima zana za wanasayansi ya jamii bila kuitwa jasusi wa nchi jirani. Wakorea walikuwa Wakristo wachache katika nchi ya Wabudha na wafuasi wa Confucius, kwa hiyo zana zao wakazichimba nyumbani: hadithi, ngoma, misiba, kumbukumbu za maasi ya wakulima wa Donghak mwaka 1894 na maandamano ya Machi 1919 dhidi ya ukoloni wa Japani.

Hazina kubwa ya teolojia hii imo katika uchimbaji huo, na ni aibu kwamba vitabu vingi vya historia ya kanisa huipitia kwa aya moja.

Suh Nam-dong ndiye aliyekwenda mbali zaidi. Aliona mito miwili, hadithi za Biblia na hadithi za minjung wa Korea, ikikutana katika mapambano ya wakati wake, na akakataa kuupa mmoja ukuu juu ya mwingine. Alipenda sana kisa cha Jang Il-dam, kilichobuniwa na mshairi Kim Chi-ha, Mkatoliki aliyehukumiwa kifo mwaka 1974 kabla ya hukumu hiyo kupunguzwa. Jang ni mtoto wa mchinjaji nyama na kahaba, watu wa tabaka la kudharauliwa kabisa katika Korea ya zamani. Anatoroka jela, anajificha uchochoroni kwa makahaba, anamwona mmoja wao, mgonjwa, akijifungua. Anapiga magoti na kubusu miguu yake, akisema kwamba mbingu ziko chini, kwenye nyayo. Baadaye anaongoza umati kuelekea Seoul, anasalitiwa, anakatwa kichwa. Suh alikichukua kisa hiki kuwa maandiko ya kufanyia teolojia, pamoja na taarifa za wafanyakazi walioteswa na barua za wanawake wa viwandani. Wanateolojia, alisema, kazi yao ni kubeba sauti hiyo mpaka iwafikie wanaojifanya viziwi.

Sauti yenyewe Wakorea huiita han. Ni fundo la rohoni la mtu au watu walioonewa muda mrefu bila pa kulalamikia. Kinyongo, huzuni na nguvu iliyozuiwa, vyote pamoja. Kwa Suh, kanisa la Magharibi lilikuwa limeshughulika mno na dhambi, na mara nyingi dhambi ilikuwa jina ambalo wenye nguvu waliwabandika wanyonge. Msichana aliyeiba mkate anaitwa mwenye dhambi. Aliyemlipa ujira usiotosha mkate ni mzee wa kanisa. Kinachopaswa kufunguliwa kwanza ni fundo la aliyeonewa. Hata hivyo Suh na Kim Chi-ha walijua hatari yake: fundo lisipofunguliwa kwa njia ya haki hulipuka kwa kisasi, na kisasi huzaa fundo jingine. Hyun Young-hak wa Chuo Kikuu cha Ewha aliongeza kicheko. Katika ngoma za vinyago za vijijini mtumishi humdhihaki bwana wake na mtawa mnafiki mbele ya kadamnasi, na kwa saa chache watazamaji huyatazama maisha yao kutoka juu, wakajua kwamba mambo hayakuumbwa yawe hivi milele.

Mchango wa Ahn unaostahili kusomwa zaidi leo unahusu uvumi. Mei 1980 jeshi la Jenerali Chun Doo-hwan, aliyetwaa madaraka baada ya Park kupigwa risasi na mkuu wake wa ujasusi tarehe 26 Oktoba 1979, lilizima kwa risasi maandamano ya mji wa Gwangju. Magazeti yaliyodhibitiwa yaliandika habari za wahuni na wachochezi. Ukweli ulisafiri kwa minong'ono: nani kauawa, wapi, na askari wa kikosi gani, mwili ulionekanaje. Ahn akaona kitu ambacho miaka ya Heidelberg haikumwonyesha. Viongozi wa kanisa la kwanza, alipendekeza mwaka 1984, walilinda ujumbe kwa kauli fupi za imani: Kristo alikufa kwa dhambi zetu. Kauli hizo hazisemi aliyemuua, wala wapi, wala kwa amri ya nani. Hadithi yenye majina, mahali na damu, ile aliyoiandika Marko, ilipitishwa na watu wa chini, mdomo kwa sikio, kwa sababu kuisema kwa sauti chini ya Warumi kulikuwa hatari. Mtu anaweza kubishana na Ahn kuhusu ushahidi wa kihistoria, na wataalamu wamefanya hivyo. Lakini ni vigumu kuusoma tena mstari wa Pontio Pilato katika kanuni ya imani bila kujiuliza jina hilo liliponyokaje likabaki humo.

Jina la teolojia hii lilienea nje ya nchi kupitia mkutano ulioitishwa Seoul mwezi Oktoba 1979 na Baraza la Kikristo la Asia, siku chache kabla Park hajauawa. Kitabu kilichotokana na mkutano huo, kikihaririwa na Kim Yong-bock, kilitoka Marekani mwaka 1983 kikiwa na dibaji ya James Cone, baba wa teolojia ya Weusi. Wadalit wa India, watu wa chini kabisa katika mfumo wa matabaka, waliokuwa wakijitafutia teolojia yao, walisoma na kujadiliana na Wakorea. Kwa msomaji wa Afrika Mashariki kuna kiungo kingine. Chama cha kiekumene cha wanateolojia wa Dunia ya Tatu, kilichowakutanisha wanateolojia wa Afrika, Asia na Amerika ya Kusini bila kupitia Ulaya, kilianzishwa Dar es Salaam mwezi Agosti 1976, mwaka ule ule Ahn na Suh walipokuwa mikononi mwa mahakama. Mwenyeji alikuwa Tanzania ya Nyerere, ambaye mwezi mmoja kabla ya kifo cha Jeon Tae-il alikuwa amewaambia masista wa Maryknoll huko Marekani kwamba kanisa lisiloingia katika uasi dhidi ya mifumo ya umaskini halitakuwa na maana kwa watu.

Sasa, lawama.

Ya kwanza ilitoka kwa rafiki. Jürgen Moltmann, mwanateolojia wa Ujerumani aliyewapigania Wakorea waliofungwa, aliwauliza: ikiwa minjung ndio wanaouokoa ulimwengu, nani atawaokoa minjung? Ni swali zito. Watu wa chini nao hupiga wake zao, husaliti wenzao, huwapigia kura madikteta. Ahn alijibu kwamba yeye anasema habari za matukio, nyakati ambapo watu huvuka ubinafsi wao, wala hasemi kila maskini ni mtakatifu. Jibu hilo lina nguvu, ila haliondoi mashaka yote.

Ya pili ilitoka mitaani, na iliuma zaidi. Wakati maprofesa wakiandika kuhusu minjung, minjung wenyewe walikuwa wakijaza Kanisa la Injili Kamili la Yoido. Cho Yong-gi alilianza mwaka 1958 kwenye hema katika mtaa wa maskini, akahubiri uponyaji, baraka na mafanikio, likaja kutambuliwa kuwa kanisa lenye waumini wengi kuliko yote duniani. Msichana aliyetoka kijijini kufanya kazi kiwandani alipata humo kikundi cha wanawake cha kusali naye nyumbani, mtu wa kumwekea mikono akiugua, na ruhusa ya kulia kwa sauti. Makanisa ya minjung, yaliyofunguliwa miaka ya 1980 kwenye vitongoji vya viwandani, yaliwapa chumba cha kulelea watoto, masomo ya jioni na majadiliano kuhusu sheria za kazi. Yalikuwa ya lazima, lakini yalibaki madogo. Kuwacheka waliokwenda Yoido ni kurudia kosa la wasomi ambao Ahn alikuwa akiwapinga; fundo la moyo lilihitaji kufunguliwa siku ile ile, kabla haki haijafika.

Lawama ya tatu inahusu wanawake. Nguo, nyuzi na mawigi yaliyoijengea Korea uchumi wa kuuza nje vilitengenezwa na wasichana. Katika kiwanda cha nguo cha Dongil, Incheon, wafanyakazi wengi walikuwa wanawake lakini chama chao kiliongozwa na wanaume mpaka mwaka 1972, walipomchagua mwanamke kuwa mwenyekiti, jambo ambalo lilikuwa halijawahi kutokea nchini. Nyuma ya mabadiliko hayo alikuwepo mchungaji Mmethodisti, Cho Wha-soon, wa Misheni ya Viwandani. Mwaka 1966 aliingia Dongil kama kibarua wa kawaida, akidhani anakwenda kuwahubiria. Akatukanwa na msimamizi aliye mdogo kwake, akaumwa mgongo, akagundua kwamba wanaohubiriwa ndio waliokuwa wakimfundisha. Tarehe 21 Februari 1978, siku ya uchaguzi wa chama, wanaume waliotumwa waliwamwagia wanawake hao kinyesi cha binadamu, na polisi wakatazama. Wanawake 124 wakafukuzwa, majina yao yakasambazwa viwandani wasiajiriwe tena.

Visa hivyo vimo katika maandishi ya teolojia ya minjung kama ushahidi. Waandishi, hata hivyo, walikuwa karibu wote wanaume wenye shahada. Wafanyakazi walianza kuandika wenyewe: Seok Jeong-nam wa Dongil na Jang Nam-su wa kiwanda cha Wonpung walichapisha kumbukumbu zao mwaka 1984, na mtu akizisoma hukuta hasira, utani na wivu wa kibinadamu ambao maprofesa waliuchuja. Wanateolojia wanawake walioanzisha chama chao mwaka 1980 walisema kwamba mwanamke ni minjung wa minjung. Mmoja wa kizazi hicho, Chung Hyun Kyung, aliishtua dunia mwezi Februari 1991 katika mkutano mkuu wa Baraza la Makanisa Ulimwenguni, Canberra. Aliziita roho za walioonewa, kuanzia Hajiri wa Biblia hadi waliokufa Gwangju na Tiananmen, akaichoma karatasi yenye majina yao kama wafanyavyo waganga wa kike wa Korea. Waorthodoksi walikasirika, wakiona ni upagani. Miezi sita baadaye, tarehe 14 Agosti, Kim Hak-sun alijitokeza Seoul kusema hadharani kwamba alikuwa mmoja wa wanawake waliofanywa watumwa wa ngono na jeshi la Japani. Fundo la karibu nusu karne lilifunguka mbele ya kamera. Kuanzia Januari 1992 maandamano mbele ya ubalozi wa Japani yamefanyika kila Jumatano.

Ushindi wenyewe ulileta matatizo yake. Mwezi Juni 1987 mamilioni waliingia barabarani na utawala ukakubali uchaguzi wa rais. Julai 9, kwenye mazishi ya mwanafunzi Lee Han-yeol, Moon Ik-hwan alitoka jela akapanda jukwaani, na badala ya hotuba akapaza majina ya waliokufa, moja baada ya jingine, akianza na Jeon Tae-il. Baada ya hapo adui hakuonekana waziwazi tena. Vyama vya wafanyakazi vikahalalishwa na kuwa na nguvu, Kim Dae-jung akawa rais mwaka 1998, na baadhi ya wanaharakati wa zamani wakaingia bungeni. Neno minjung likaanza kunusa vumbi la makumbusho.

Lakini dhiki ilihama, haikwisha. Msukosuko wa fedha wa mwaka 1997 uliwapa waajiri mwanya wa kugawa kazi: waajiriwa wa kudumu wenye chama upande mmoja, vibarua wa mikataba mifupi chini ya mawakala upande mwingine. Desemba 2018, Kim Yong-gyun, kijana wa miaka 24 aliyeajiriwa na kampuni ya mkandarasi, alikufa usiku akiwa peke yake, amenaswa na mkanda wa kubebea makaa ya mawe katika kituo cha umeme cha Taean. Mama yake, Kim Mi-sook, akafanya kile ambacho Lee So-sun, mama wa Jeon Tae-il, alikifanya kwa miaka 40 baada ya kumzika mwanawe: akaingia barabarani. Alifunga kula nje ya Bunge mpaka sheria ya kuwaadhibu wakuu wa kampuni kwa ajali za kazini ikapita Januari 2021. Desemba 2023 Mahakama ya Juu ilithibitisha kwamba mkuu wa kampuni mama ya kituo kile hana hatia.

Chini zaidi wapo wageni. Tangu mwaka 2004 Korea imekuwa ikiajiri wafanyakazi kutoka nchi za Asia kama Nepal, Kambodia na Vietnam kwa kibali kinachomfunga mtu kwa mwajiri wake; kuhama kazi kwa kawaida huhitaji ridhaa ya mwajiri. Familia za Mombasa au Tanga zilizowahi kupeleka binti Ghuba zinaujua mtego wa aina hiyo bila kufafanuliwa. Desemba 2020 mwanamke wa Kambodia alifariki katika baridi kali, kwenye makazi yaliyowekwa ndani ya banda la plastiki la kuoteshea mboga huko Pocheon. Tarehe 24 Juni 2024 kiwanda cha betri cha Aricell, Hwaseong, kiliungua na kuua watu 23. Kati yao 18 walikuwa raia wa kigeni, wengi wakiwa wameletwa na wakala wa vibarua.

Je, teolojia iliyoanzia kwenye vidari vya Soko la Pyeonghwa ina neno hapo? Kim Jin-ho, mmoja wa warithi wa Ahn, amejibu kwa kuisoma upya ile oklosi ya Marko. Anasisitiza watu waliopoteza mahali pa kuhesabiwa, wale ambao hata lugha ya kulalamikia imewatoka. Kwa usomaji huo mfanyakazi wa kiwanda kikubwa mwenye chama chenye nguvu si minjung wa leo, hata kama baba yake alikuwa. Kibarua wa wakala ndiye. Wengine wameelekeza macho kwingine: mchungaji Lee Dong-hwan alifukuzwa katika Kanisa la Methodisti kufuatia kuwabariki washiriki wa tamasha la mashoga Incheon mwaka 2019, na sheria ya kupinga ubaguzi iliyopendekezwa kwa mara ya kwanza mwaka 2007 imekwama mbele ya upinzani wa makanisa makubwa. Katika mjadala huo warithi wa minjung ni wachache ndani ya kanisa lao wenyewe, kama walivyokuwa mwaka 1975.

Uchache huo unaeleza pia kwa nini Afrika Mashariki inaijua Korea nyingine. Wamisionari wa Kikorea waliojenga shule na zahanati Kenya na Tanzania, wengi kwa bidii ya kupigiwa mfano, wametoka kwenye makanisa makubwa ya kihafidhina, yanayosimulia kupanda kwa Korea kama thawabu ya maombi ya alfajiri. Msichana aliyekohoa damu juu ya cherehani hayumo katika simulizi hilo.

Wafanyakazi wageni nao hawajangoja kutafutiwa teolojia. Mwaka 2005 walianzisha chama chao Seoul, kikiwaunganisha hata wasio na vibali. Serikali ilikataa kukisajili, viongozi wake wakakamatwa na kurudishwa makwao mmoja baada ya mwingine, na kesi ikakaa miaka mahakamani. Mwezi Juni 2015 Mahakama ya Juu iliamua kwamba mgeni asiye na kibali ni mfanyakazi kama wengine na ana haki ya kuwa na chama. Baadhi ya wachungaji walikuwa wamewahifadhi na kuwatafutia mawakili katika miaka hiyo. Madai yenyewe waliyaandika wao, kwa Kikorea walichojifunzia kiwandani.